Pole na Springi

Mtu wa kwanza kumpa mume wangu pole alikuwa mama anayeuza maharage mkabala na duka letu hapa Dongobesh. Gari lilikuwa limerudi kutoka kwa fundi wa Katesh mchana ule, likaoshwa, likaegeshwa palipo na jua kali ili lionekane vizuri. Mama wa maharage akalitazama, akaona matairi yalivyozama ndani ya madigadi, akatikisa kichwa kwa huruma.

"Pole, baba," akasema. "Springi zimekufa zote nne?"

Mume wangu akamweleza kwamba hazijafa, ni mpya, na kwamba amelishusha gari kwa makusudi. Yule mama akauliza alikuwa amepakia nini hata akashusha. Huku kwetu unashusha mzigo, au unashusha bei mteja akikulilia. Gari lililokaa chini ni gari lililobebeshwa magunia ya vitunguu mpaka vyuma vikachoka, na mwenye gari hilo hupewa pole kama mtu aliyefiwa na ng'ombe. Kwa hiyo wiki nzima ile mume wangu alipokea pole. Mwalimu mkuu wangu alimpa. Vijana wa bodaboda walimpa kwa zamu. Mzee wa duka la vitambaa, Mwislamu mstaarabu asiyempita mtu bila salamu kamili, aliuliza habari za nyumbani, za watoto, za biashara na za mvua, kisha akasogea karibu, akasema kwa sauti ya chini, "Na pole na springi."

Nilicheka mpaka nikaingia chumbani na kufunga mlango. Sikuwa na aibu yoyote. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, kucheka watu wazima ni starehe yangu ya pekee isiyo na gharama.

Mume wangu wakati huo alikuwa na miaka arobaini na saba. Anauza mbegu na dawa za mifugo, ana mgongo unaomsumbua kila akiinua mfuko wa mbolea, na wakulima wanamwita daktari ingawa hajasomea udaktari hata wa kuku. Ni mtu wa heshima zake. Lakini mpe simu yenye bando, basi heshima yote inaondoka. Alikuwa ameanza kutazama video za vijana wa nchi za mbali wanaopita na magari yaliyolala chini, kwenye barabara nyororo kuliko sakafu ya kanisa letu. Aliniita nitazame. Nilitazama. Nikamuuliza kama ameona jiwe hata moja katika barabara zile. Akasema mimi siku zote natafuta kasoro.

Springi zikaletwa na basi kutoka Arusha, nne, nyekundu, ndani ya boksi lenye picha ya gari lisilofanana na letu. Aliziweka juu ya kaunta karibu na dawa ya minyoo, makusudi, ili watu waulize. Siku tatu nzima aliyeuliza ni mmoja tu, na alitaka kujua kama ni za sofa.

Siku ya kufunga nilimsindikiza Katesh, nikakaa kwenye benchi la gereji nikisahihisha madaftari. Fundi alikuwa mtu wa maneno machache. Mume wangu alipokwenda kunywa chai, nilimuuliza fundi hizi springi zinafanya nini hasa. Akashika ya zamani mkono mmoja na mpya mkono wa pili. Ile mpya ilikuwa fupi kwa vidole viwili, na chuma chake kinene zaidi.

"Mwalimu, ikiwa fupi lazima iwe ngumu," akasema. "Nafasi ya gari kushuka na kupanda imepungua. Ikiwa fupi halafu laini, bodi itagonga kila shimo. Sasa hii ngumu, kwenye lami itakaa vizuri, kwenye kona hailali. Lakini kwenye barabara ya vumbi, kile springi ilikuwa inameza, utameza wewe."

"Na shokapu?"

"Shokapu ni zile zile. Zilitengenezwa kufuata springi laini. Hii itazitesa, zitavuja mapema. Na matairi yataanza kulika upande wa ndani, mpaka mrekebishe alaimenti ya magurudumu."

Nikamuuliza mbona hakumwambia mwenyewe. Akanitazama kama mtoto aliyeuliza kwa nini jogoo hatagi. "Mimi nafunga ninacholetewa," akasema, akaingia chini ya gari.

Niseme haki ya mtu. Tuliporudi kwa barabara ya lami, pale Mogitu, gari lilikwenda vizuri. Zamani kwenye kona mkoba wangu ulikuwa unateleza kutoka mlango mmoja hadi mwingine, na mimi nafuata. Siku ile nilikaa nyuma na madaftari yangu, na mkoba haukusogea. Usukani ulitii haraka, bodi haikulala, na mume wangu akasema "Unaona? Unaona?" kila kona mpaka kona zikaisha. Nilikubali kwamba naona. Ubaya ni kwamba lami ya Mogitu haikutufuata hadi nyumbani.

Tulipoiacha lami, gari lile lile likawa jingine. Kwenye vijituta vya vumbi vilivyojipanga kama bati, magurudumu hayakukanyaga barabara, yaliruka juu yake. Usukani uliotii dakika chache kabla ukaanza kutetemeka na kutangatanga. Kwenye kona moja yenye kokoto, nyuma ya gari ikachepuka pembeni, mume wangu akashika usukani kwa mikono miwili na hakusema "unaona" tena. Kila shimo lilipanda kupitia kiti, likaingia kiunoni, likaishia kwenye meno. Yeye mbele alisema hiyo ndiyo raha yake, sasa unaisikia barabara. Mimi barabara ya Dongobesh nimeisikia tangu nazaliwa na sikuwahi kuomba kuisikia zaidi.

Yote hayo yangebaki kichekesho cha familia kama si mama yangu.

Mama anaishi Maretadu, kwenye shamba lake la mahindi na maharage, na ndugu yangu wa mwisho jirani yake. Mvua zilizotangulia alikuwa ameteleza zizini akavunjika mfupa wa paja. Hospitalini mjini Mbulu walimtia chuma, wakamruhusu na magongo, na daktari akatuambia jambo moja kwa msisitizo: aletwe kila mwezi apigwe picha, wauone mfupa unavyounga, wamwongezee mazoezi kidogo kidogo. Akisema anaumia, msisubiri tarehe. Kumpeleka ilikuwa kazi yetu, maana katika familia yote mwenye gari ni sisi.

Sasa inabidi nieleze habari ya mama na mkwe wake. Mama ni wa kizazi ambacho mkwe wa kiume ni mtu wa kuheshimiwa kwa mbali. Hampi mkono. Hali chakula mbele yake. Kukaa naye kiti cha mbele, bega kwa bega, kwake ni jambo la kuchekesha na la aibu kwa pamoja, kwa hiyo hukaa nyuma. Na kwa kuwa mume wangu hajui lugha yetu ya nyumbani, wanaongea Kiswahili, na Kiswahili cha mama kwa mkwe wake kwa kawaida kina maneno matatu: marahaba, nzuri, na Mungu akubariki. Mambo mengine yote yanasemwa na mimi, au hayasemwi.

Safari ya kwanza baada ya springi, mama aliwekwa nyuma na mito miwili. Mume wangu alikwenda taratibu, sitamsingizia. Lakini ugumu wa springi hauponi kwa kwenda taratibu, unapata tu muda wa kutosha. Kwenye kioo nilimwona mama ameshika mpini wa juu ya mlango kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili amejaza pembe ya khanga mdomoni. Nikamuuliza kwa lugha yetu kama anaumia. Akatoa khanga mdomoni, akaniambia nitazame mbele.

Tulipofika, mume wangu akamfungulia mlango. "Mama, safari imekuwaje?"

"Nzuri, mwanangu. Gari lina nguvu. Mungu akubariki."

Gari lina nguvu. Maneno hayo yalizunguka Dongobesh nzima. Kila aliyekuja kununua dawa ya kupe aliambiwa kwamba mama mkwe, mwenye chuma mguuni, amelisifu gari. Hata mama wa maharage aliambiwa, naye kwa adabu akasema kweli wazee wana uvumilivu. Mume wangu aliichukua hiyo nayo kama sifa. Na mimi niliyeiona khanga mdomoni nilifanya nini? Nilikwenda ofisini kwa walimu nikawasimulia kisa cha "gari lina nguvu", nikamwigiza mume wangu anavyofungua mlango, walimu wakacheka mpaka chai ikamwagika.

Mwezi uliofuata mama alikuwa amefikiri. Ni mwanamke aliyesafiri juu ya malori maisha yake yote, na kila aliyepanda lori anajua kwamba lori tupu linakurusha, lori lililojaa linakubembeleza. Kwa hiyo tulipofika kumchukua, tulikuta magunia mawili ya mahindi mlangoni. Akanituma nimwambie mkwe kwamba ni zawadi ya wajukuu, yapakiwe nyuma, tuende nayo hospitali na kurudi nayo. Mume wangu alifurahi sana kupewa zawadi na mkwe. Mimi nilielewa. Nilimtazama mama, naye akatazama pembeni.

Lakini lori lina urefu wa kushuka, na gari letu urefu huo tulikuwa tumeunyofoa. Gari lilikuwa limekwisha kukaa chini hata kabla ya magunia. Na mahindi ndani, likakaa juu ya ile mipira ya kugotea, ambapo springi haina tena la kufanya. Kila tuta sasa lilikuwa kishindo kimoja kizito, kama chuma kwa chuma. Kabla ya kufika mjini jiwe likagonga sampu ya oili chini ya injini, tukasimama mume wangu akalala chali vumbini kutafuta oili inayovuja. Haikuvuja. Alipoinuka akasema, "Imara hii gari." Mama nyuma alikuwa amefumba macho, na jasho limemjaa juu ya mdomo ingawa kulikuwa na baridi ya Mbulu.

"Mama, safari imekuwaje?"

"Nzuri, mwanangu."

Mwezi wa tatu ndugu yangu akapiga simu. Mama anasema amepona. Anatembea hadi kisimani. Hakuna haja ya kusumbua watu. Mume wangu alipokea habari hizo kama ushindi. "Si nilikwambia? Wewe unacheka tu, mama amepona." Nilikuwa na mitihani ya kusahihisha. Nikasema vizuri. Mwezi wa nne akasema tena amepona, na mimi nikasema tena vizuri, na kwa kweli kuna sehemu yangu iliyojua. Sipendi kuiandika sentensi hiyo, lakini ndiyo ilivyokuwa.

Nilikwenda Maretadu Jumamosi moja kwa pikipiki, bila taarifa. Nilimkuta mama anapepeta maharage amekaa. Nilipomwamkia akasema marahaba, akatuma mtoto wa jirani achote maji, na nilijua ni kwa sababu hataki nimwone akiinuka. Nikakaa. Nikasubiri. Mwisho akalazimika kuinuka kwenda kuangalia chungu, na nikamwona. Alitembea kama mtu mwenye mguu mmoja ndani ya shimo.

"Umesema umepona."

"Nimepona."

"Mama."

Akaendelea kukoroga chungu kisichohitaji kukorogwa. Kisha akasema kwa lugha yetu, bila kugeuka, kwamba mguu haumuumi kama gari lile linavyomuumiza. Kwamba safari ya pili alidhani chuma kimetoka. Kwamba alikwisha kuamua ni heri mguu uunge unavyotaka kuliko kurudi kwenye kiti kile. Nikamuuliza kwa nini hakusema. Akashangaa, kweli akashangaa. "Niseme kwa nani? Mkwe ananisaidia, nimwambie msaada wake ni mbaya? Na wewe usimwambie. Ukimwambia sitakula tena chakula cha nyumba yako."

Nilirudi na hasira ambayo sikujua niielekeze wapi. Nilimtukana mume wangu kimoyomoyo njia nzima, na springi zake, na vijana wa video. Nilipofika Dongobesh matusi yalikuwa yameisha na nilikuwa nimebaki mimi. Methali inasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Kwetu guu lilikuwa la mkuu mwenyewe, na la kusikia hakulisema. Mimi ndiye nililiona kwenye kioo. Nilikuwa na mdomo wa kumcheka mume wangu mbele ya walimu kumi, sikuwa na mdomo wa kumwambia akiwa peke yake.

Nilikuwa nimekatazwa kusema. Sikuwa nimekatazwa kuendesha.

Kesho yake baada ya ibada nilimwambia mume wangu twende tukamwone mama, na leo naendesha mimi. Leseni niliipata kabla yake, hilo tunalijua wote wawili. Kiti cha mbele nikakijaza mfuko wa sukari, mafuta ya kula na madumu. "Wewe kaa nyuma, pale anapokaa mama. Na ushike hii trei ya mayai, ni ya kwake." Akacheka, akaingia. Baadaye ndipo nilipogundua kwamba alikuwa hajawahi kukaa kiti cha nyuma cha gari lake mwenyewe.

Sikuendesha vibaya. Nilikwenda mwendo aliokuwa akienda yeye, nikapita alipokuwa akipita yeye. Mwanzoni alinifundisha njia: kata kulia, punguza, hapo kuna jiwe. Baadaye nikasikia yai la kwanza likipasuka. Tukapita vijituta vile vya bati na nikasikia pumzi yake ikitoka vipande vipande. Kwenye kioo nilimwona mkono mmoja umekumbatia trei, mkono wa pili umeshika mpini wa juu ya mlango, mpini ule ule. Nilitazama mbele.

Mama alikuwa mlangoni tulipoingia. Mume wangu akafungua mlango mwenyewe, akashusha mguu mmoja, akasimama kwanza hivyo, ameinama, mkono kiunoni, ute wa mayai ukishuka kwenye suruali ya kanisani. Kati ya mayai thelathini, yaliyopona ni kumi na tisa.

"Shikamoo, mama," akasema kutoka pale pale alipoinamia.

Mama akamtazama. Akatazama kiti alichotoka, akanitazama mimi, akajua. Niliona jinsi alivyotaka kukasirika akashindwa. Kisha akasema neno la nne la Kiswahili chake.

"Pole, mwanangu."

Nusu ya wilaya ilikuwa imeshampa pole mume wangu, na pole zote zilimpita. Hiyo moja ilimwingia. Alisimama na trei yake mkononi, mtu mzima, na macho yake yakajaa. Akaniuliza kwa sauti ndogo, "Tangu lini?" Nikamwambia tangu mwanzo. Hakuniuliza kwa nini sikusema, na ningefurahi kama angeniuliza.

Springi za zamani zilikuwa stoo, nyuma ya dawa ya kuogeshea ng'ombe. Jumatatu asubuhi zilikuwa Katesh. Fundi akazifunga, akaongeza shokapu mpya maana zile zilikuwa zimevuja, kama alivyosema. Jumatano tulimpeleka mama Mbulu. Daktari akapiga picha, akaishika mbele ya dirisha muda mrefu, akauliza mbona miezi miwili hatukumleta. Mume wangu akafungua mdomo, nikamtangulia. Nilisema ni uzembe wangu. Mfupa ulikuwa umeshaunga, daktari akasema, lakini umeunga ukiwa umeteleza. Akapima miguu yote miwili kwa utepe. Mmoja ulikuwa mfupi kwa kidole kimoja na nusu, na utabaki hivyo.

Fundi viatu wa hapa Dongobesh alimwongezea mama soli ya tairi kwenye kiatu cha kushoto. Mume wangu ndiye aliyekipeleka kiatu na ndiye aliyekaa pale kibandani akisimamia soli ikatwe sawa. Mama wa maharage alipoliona gari limesimama juu tena alimpa hongera, kwamba hatimaye amepata springi. Mume wangu akasema asante.

Hata hivyo mama anakuja kwetu mara nyingi kuliko zamani, na bado anakaa nyuma, mkwe ni mkwe. Mume wangu humfungulia mlango, naye hushuka na kiatu chake kirefu kikitangulia. Lakini siku hizi hamuulizi tena safari imekuwaje. Anasubiri mama aingie ndani, kisha ananigeukia mimi, ananiuliza mimi, na mimi namwambia ukweli.